Vyombo vya Fundi Saa



Watu wengi wanaopita mbele ya meza yangu, karibu na soko la Kadutu hapa Bukavu, hudhani kwamba fundi saa hutofautiana na watu wengine kwa kuwa anajua yaliyomo ndani ya saa. Si uongo, lakini si jambo la kwanza. Yaliyomo ndani ya saa yaweza kufundishwa kwa majuma machache, kwa mchoro na kwa saa mbovu isiyo na mwenyewe. Linalodai miaka ni chombo: kukichagua, kukitengeneza, kukinoa, kukishika, na kutambua siku ambayo hakifai tena. Nimeketi kwenye meza hii kwa zaidi ya miaka 20, na nikihesabu kwa haki naona kwamba sehemu kubwa ya muda huo sikuutumia kwa saa bali kwa turnavisi.

Turnavisi, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita bisibisi, ndiyo chombo kinachodharauliwa kuliko vyote. Ile ya fundi saa ina ncha ambayo upana wake waanzia kiasi cha nusu milimita na kufika milimita tatu. Zile zinazotoka kiwandani huvishwa pete za rangi mbalimbali, ili mkono ujue ukubwa bila jicho kuacha kazi. Kanuni yake ni fupi: ncha ijaze mfereji wa visi kwa upana wote, tena iguse chini ya mfereji. Ikiwa nyembamba mno, nguvu yote huangukia pembe mbili na kuzitafuna. Ikiwa pana mno, hukwaruza chuma cha pembeni. Ikiwa imechongwa kama kabari, hupanda juu kila unapozungusha, na siku moja itaruka na kuchora mstari ambao hakuna mtu atakayeufuta. Mtu anayefungua saa iliyopita mikononi mwa wengine husoma historia yake kwenye vichwa vya visi kabla hajaona kitu kingine.

Namna ya kuishika nayo si ile ya seremala. Kidole cha shahada hukaa juu, kwenye kichwa kidogo kinachozunguka chenyewe, na kazi yake ni kukandamiza tu. Kidole gumba na cha kati ndivyo vinavyozungusha. Anayezungusha kwa kiwiko atavunja.

Mimi turnavisi zangu nyingi nimezitengeneza mwenyewe, kwani zile za Uswisi bei yake haifanani na mapato ya Kadutu. Waya wa chuma kigumu, hata wa mwavuli uliokufa, wafaa ukichaguliwa vema. Wautia katika babula ya makala mpaka uwe mwekundu, wautumbukiza katika mafuta, nao unakuwa mgumu kama kioo. Na kama kioo, huvunjika. Hapo ndipo penye elimu. Sharti uusugue mpaka ung’ae, kisha uupashe moto tena polepole, ukiangalia rangi inavyotembea juu yake: kwanza manjano ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu buluu. Rangi hizo si rangi ya chuma chenyewe; ni ngozi nyembamba sana inayozaliwa hewa ya oksijeni inapokutana na chuma cha moto, na unene wake ndio unaobadilisha rangi. Buluu huonekana kwenye kiasi cha digrii 300. Ukiondoa kabla ya hapo, ncha hubaki ngumu zaidi na huvunjika upesi. Ukipitisha, hulegea na kupinda ndani ya mfereji wa visi. Wenye viwanda wana tanuru na vipimo. Mimi nina jicho, na nafikiri jicho lililofundishwa halidanganyi sana.

Pinsi ya fundi saa ni ndugu wa turnavisi, ila ina kiburi zaidi. Kwa Kifaransa cha mafundi ina jina lake lenyewe, brucelles, na hupewa namba kadiri ya umbo la ncha. Namba 5 ndiyo yenye ncha nyembamba kabisa, kwa ajili ya kamani ile iliyo kama unywele. Kuna nyingine za shaba nyeupe au za manjano, laini, zisizokwaruza wala kushika usumaku. Ncha mbili za pinsi sharti zikutane kwanza kwenye mwisho wake kabisa, na ukibana zaidi, mkutano uenee nyuma kidogo kidogo. Ikiwa zinakutana nyuma kwanza, au zinapishana, kitu unachokishika kitaruka. Kila fundi saa wa dunia amewahi kupiga magoti sakafuni akitafuta kipande kisichofika ukubwa wa mbegu ya dodo, na mteja wake amesimama palepale akimtazama.

Halafu lupu, kioo kile cha kukuzia tunachokibana kwenye tundu la jicho. Kwa kazi ya kawaida yatosha ile inayokuza mara tatu au nne. Ile ya mara kumi ni ya kukagua tu, maana inadai uso wako ukaribie saa kwa kiasi cha sentimita mbili na nusu, na hapo mkono hauna tena nafasi ya kupita. Hata meza ni chombo. Wapita njia huniuliza kwa nini nimeiinua kwa matofali mpaka karibu na kifua: ni kwa sababu mikono sharti ilale juu yake yote, kuanzia kiwiko, la sivyo pigo la moyo wako mwenyewe litaonekana kwenye ncha ya pinsi. Na glasi ya maji iliyofunikwa kifudifudi juu ya vipande si uchafu wa chakula changu cha mchana, bali ni ulinzi dhidi ya vumbi la pikipiki.

Katika milima ya Jura, upande wa Uswisi, kuna hadithi inayosimuliwa tangu karne ya 18 juu ya Daniel JeanRichard. Husema kwamba mwaka 1679, akiwa kijana wa miaka 14 hivi katika kijiji cha La Sagne, mfanyabiashara wa farasi alipita akiwa na saa iliyotengenezwa Uingereza, ambayo ilikuwa imesimama. Kijana aliifungua na kuitengeneza, kisha akaazimia kuunda nyingine kama ile. Wanahistoria hawaiamini hadithi hiyo yote, nami sitagombana nao. Kinachonivutia ni hesabu iliyomo: husema kwamba alitumia mwaka mzima kuunda vyombo, na miezi sita tu kuunda saa. Awe alifanya hivyo kweli au sivyo, aliyetunga hesabu hiyo alikuwa fundi. JeanRichard mwenyewe alikuwapo hakika, alifundisha wengine, na mji wa Le Locle umemjengea sanamu. Miji ya Le Locle na La Chaux-de-Fonds iliandikwa na UNESCO mwaka 2009 katika urithi wa dunia, na mwaka 2020 ufundi wenyewe wa saa za mitambo ukaandikwa pia, kwa jina la Uswisi na Ufaransa pamoja.

Sasa niwaeleze juu ya saa moja, ili msidhani ninaimba sifa za vyuma.

Mama mmoja mjane alifika mezani pangu na saa ya marehemu mume wake, iliyofungwa ndani ya leso. Marehemu alikuwa mwalimu. Ilikuwa saa ya Uswisi ya kutia ufunguo, yenye rubi 17. Mwana wao wa kwanza alikuwa karibu kufunga ndoa, na mama alitaka kumvika saa ya baba yake siku hiyo. Fundi wa mahali pengine alikuwa amekwisha kuifungua, akamwambia kwamba imekufa, kisha papo hapo akajitolea kuinunua. Mama aliona mambo hayo mawili hayapatani, akaichukua akaondoka.

«Baba fundi,» akaniambia, «usinifiche. Itatembea ao haitatembea?»

«Mama, bado sijui. Nipe siku tano.»

Hakupenda. Kuacha saa ya marehemu kwa mtu usiyemjua ni jambo zito. Sote twajua kwamba kuna meza ambazo saa huingia na rubi 17 na kutoka na chache zaidi. Nilimpa lupu, nikamfungulia kifuniko, nikamwonyesha namba zilizochorwa ndani, naye akaziandika kwenye karatasi yake kwa mkono wake. Huo nao nauhesabu kati ya vyombo vya kazi.

Nilipoiangalia, ubaya ulionekana wazi. Juu ya kamani, yaani ile resori kubwa inayotunza nguvu, kuna magurudumu mawili ya meno yanayopokea nguvu ya vidole vyako unapotia ufunguo. Visi ya gurudumu dogo, katika saa nyingi, imekatwa kinyume: hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea kuume, upande ambao visi nyingine zote hufungwa. Watengenezaji wengine huchora mistari mitatu juu yake badala ya mmoja ili kuonya. Hii haikuwa na onyo. Yule wa kwanza aliizungusha kushoto kama kawaida, akaona inakataa, akaongeza nguvu, kichwa kikakatika na mwili wake ukabaki ndani ya daraja la shaba.

Wapo ambao wangechukua keke na kutoboa. Visi ni chuma kigumu, shaba ni laini. Keke ikikutana na vyote viwili huchagua njia rahisi na kuingia kwenye shaba, na daraja limekwisha. Dawa yake inauzwa sokoni Kadutu kwa pesa kidogo sana: shabu, lile jiwe jeupe ambalo wengine hujipaka baada ya kunyoa ndevu. Unaondoa kwanza kila kipande cha chuma kilicho juu ya daraja, hata kile kidogo usichokifikiria, kwa maana chochote cha chuma kitakachobaki kitaliwa. Unayeyusha shabu katika maji ya moto mpaka maji yakatae kupokea zaidi, katika chombo cha kioo, si cha bati. Unatumbukiza daraja, na kuyaweka maji yawe ya vuguvugu. Baada ya muda vipovu vidogo huanza kupanda kutoka kwenye tundu la visi, kimoja kimoja. Shabu inakula chuma na kuiacha shaba.

Nililala vibaya usiku ule, nikiri. Si kwamba sikuijua dawa. Nilikwisha kuitumia mara nyingi. Lakini daraja lile lilikuwa la mtu aliyekufa, na nyumbani kwangu halikuwepo jingine. Asubuhi ya siku ya pili chuma kilikuwa tope jeusi, nikalisukuma kwa kijiti cha mwanzi, likatoka lote, na mistari ya visi ndani ya shaba ilikuwa safi kama siku ilipokatwa. Visi mpya niliitoa katika saa mbovu ya aina ileile, niliyokuwa nimeinunua kwa ajili ya viungo vyake.

Ilibaki kusafisha. Kila tundu la rubi husuguliwa kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, ukikizungusha, ukikichonga tena, mpaka kitoke cheupe. Ncha za vyuma huchomwa ndani ya uboho uliokauka wa mti wa muhogo, unaovuta mafuta ya zamani. Wazungu hutumia uboho wa mti wao mwingine, wetu hauna kasoro. Juu ya rubi hizi yafaa mjue jambo moja. Mwaka 1704, huko London, Nicolas Fatio, mwanahisabati mzaliwa wa Basel, pamoja na ndugu wawili mafundi walioitwa Debaufre, walipata hati ya haki kwa ufundi wa kutoboa mawe ya thamani ili mihimili ya saa izunguke ndani yake. Jiwe haliliki upesi, nalo hutunza mafuta. Leo rubi hizo hutengenezwa kwa moto, kwa njia ambayo Mfaransa Auguste Verneuil aliitangaza mwaka 1902. Kwa hiyo anayewaahidi utajiri kutokana na rubi za saa ya babu yenu anawadanganya.

Mafuta yenyewe hutiwa kwa kijichuma chenye ncha bapa, na tone linalohitajika huwezi kuliona vema bila lupu. Wanaoanza hutia mengi, wakifikiri kwamba wanaitendea saa wema. Mafuta yakizidi hutambaa, yanaondoka pale yanapohitajiwa, na kuuacha mhimili mkavu.

Nilipofika kwenye gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku na kuipa saa mapigo yake, nilikuta habari isiyo njema. Saa kama ile hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 432,000 kati ya asubuhi na asubuhi. Kazi yote hiyo huegemea ncha mbili za mhimili ambazo unene wake ni karibu na sehemu moja ya kumi ya milimita. Ncha moja ilikuwa imelika upande. Kuunda mhimili mpya kwahitaji kerezo ya usahihi ambayo sina, na hapa mjini sijui aliye nayo. Ningeweza kunyamaza. Saa ingetembea, harusi ingepita, na hakuna mtu angejua.

Mama aliporudi nilimwambia: itatembea, lakini itachelewa dakika mbili hivi kila siku, na ikilala mezani itakwenda tofauti na ikiwa mkononi. Akaitia sikioni, akasikiliza muda mrefu. Kisha akacheka. «Mwalimu naye alikuwa anachelewa,» akasema. Sijaiona tena saa ile. Kwa fundi, hiyo ni dalili njema, ao si dalili ya kitu chochote.

Ninyi wenye simu mwaweza kuuliza faida ya haya yote. Siku ya Noeli ya mwaka 1969, huko Tokyo, Seiko ilianza kuuza saa ya mkono ya kwartsi. Kijiwe kinachotetemeka kwa nguvu ya umeme, mara 32,768 kwa sekunde katika saa za leo, hushinda kwa usahihi kila gurudumu la mizani lililowahi kuundwa. Huko Uswisi wafanyakazi wa saa walikuwa kiasi cha 90,000 mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama 30,000. Nami sehemu kubwa ya riziki yangu ni kubadilisha betri za saa za bei nafuu, kazi ya dakika tatu. Siikatai. Saa hizo ndizo zinazolisha watoto, na za kutia ufunguo ndizo zinazonifanya niinuke mapema.

Neno dogo kwa wanakwaya, kwa kuwa nimekwisha kuwaona: msiweke saa ya kutia ufunguo juu ya spika. Ndani ya spika mna sumaku, hata katika simu mna ndogo, na kamani ile ya unywele ikishika usumaku, mizunguko yake hugandamana na saa huanza kukimbia. Naipima kwa dira: sindano ikicheza, kuna ugonjwa. Tiba ni kifaa chenye mzunguko wa waya na umeme, na hapo saa hungoja pamoja nasi mpaka umeme urudi.

Kijana ninayemfundisha sasa ana miaka 19. Miezi miwili ya kwanza sikumruhusu kufungua saa ya mteja hata moja. Alipasha waya moto, aliunoa, nikauvunja mbele yake, akaanza tena. Mjomba wake humpigia simu kutoka machimbo ya dhahabu ya Kamituga. «Mzee,» aliniambia siku moja bila ukali, «huko mtu aweza kupata kwa juma moja kuliko hapa kwa miezi mitatu.» Nilimjibu kwamba ni kweli, mtu aweza, na kwamba aweza pia kufukiwa na udongo, yote mawili anayajua kuliko mimi, kwani kaka yake hakurudi. Sina mshahara wa kumwahidi. Nina meza, na nafasi ya pili kando yake.

Juma lililopita alimaliza kunoa pinsi yake ya kwanza juu ya jiwe lenye mafuta. Niliweka unywele mmoja juu ya kioo, nikamwambia auinue. Aliuinua, akaugeuza kwenye mwanga, akaulaza pale ulipokuwa. Nikamwambia aurudie mara kumi, akaurudia mara kumi. Jumatatu alifika saa moja na nusu asubuhi, akafungua kisanduku chake, akakagua ncha kwa lupu, akachukua jiwe na kuanza kuzirekebisha kidogo. Juu ya Kamituga hakusema neno, nami sikumwuliza.